Rachel Carson: aliuliza kuhusu ziwa lake, akafichwa jibu

Wanafunzi wa kilimo waliopitia Yangambi wanalijua jina la Rachel Carson. Ni yule Mmarekani aliyetoa mwaka 1962 kitabu kilichoonya kwamba DDT na dawa zingine za kuua wadudu zinaua pia ndege na samaki. Lakini kuna habari yake nyingine, na hiyo inawahusu zaidi wamama wa Yanonge, jirani na Yangambi kwenye mto Kongo, kuliko maprofesa. Carson alipata uvimbe katika ziwa, akauliza waganga ni kitu gani, na akakaa karibu miezi minane bila kuambiwa kwamba ni kansa.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 huko Springdale, mji mdogo kandokando ya mto Allegheny, jimbo la Pennsylvania. Jamaa yake haikuwa na mali. Mama yake, Maria, ndiye aliyemfundisha kupenda ndege na majani ya porini. Aliingia chuo kikuu akitaka kuwa mwandishi, akageukia biolojia, na mwaka 1932 akapata digrii ya pili katika chuo kikuu cha Johns Hopkins. Baba alikufa mwaka 1935. Mwaka 1937 dada yake naye akafa, akaacha wasichana wawili. Carson, aliyekuwa amepata kazi ya serikali katika idara ya uvuvi, ndiye aliyebeba nyumba nzima kwa mshahara wake. Hakuolewa. Kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya bahari kiliuzwa sana, hata akaacha kazi ya serikali mwaka uliofuata na kuishi kwa kalamu. Kisha mwaka 1957 mmoja wa wale wasichana akafa, na Carson, akikaribia miaka 50, akamchukua mtoto wake wa kiume, Roger, mwenye miaka 5.

Uvimbe haukuwa mgeni kwake. Mwaka 1950 alitolewa mmoja katika ziwa. Aliuliza kama kulionekana dalili ya kansa, akaambiwa hapana, akarudi kazini. Miaka 10 baadaye, katikati ya kuandika kile kitabu cha dawa za wadudu, ukaonekana uvimbe tena. Mwezi wa Aprili 1960 alipasuliwa, na safari hii ziwa lote lilikatwa.

Alipopata nguvu alimuuliza mganga mpasuaji waziwazi matokeo ya laboratwari. Jibu lilikuwa kwamba hali yake ilikaribia kansa tu, na hakuna matunzo mengine yanayohitajika. Haikuwa kweli. Ilikuwa kansa, na ilikwisha kuingia katika tezi.

Mganga huyo hakuwa peke yake katika desturi hiyo. Mwaka 1961 matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa waganga 219 wa hospitali moja ya Chicago yalionyesha kwamba 90 kwa mia kati yao walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana kansa. Waliona ni huruma. Mara nyingi aliyeambiwa alikuwa bwana wa mgonjwa. Carson hakuwa na bwana, kwa hiyo hakukuwa na mtu hata wa kumnong'oneza.

Mwisho wa mwaka huo wa 1960 aliona uvimbe mgumu upande uleule uliopasuliwa, karibu na mbavu. Hapo hakukubali tena kutulizwa. Alimwandikia George Crile, mganga mpasuaji wa Cleveland ambaye alimfahamu pamoja na mke wake, akamwomba asome karatasi zote za hospitali na amwambie ukweli bila kupunguza. Crile alimwambia. Carson alimshukuru kwa kumtendea kama mtu mwenye akili anayeweza kuamua juu ya mwili wake, kisha akaanza matunzo ya miale ambayo angeweza kuanza miezi mingi mbele.

Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama miezi hiyo ingemponyesha. Ila aliyeifikia barua kwa Crile ni mwanasayansi, mtu wa kusoma ripoti za laboratwari kila siku, na hata yeye ilimbidi aulize mara ya pili, kwa mtu mwingine, tena mbali na nyumbani.

Kwa mwanamke wa Yanonge, umbali huo unajulikana. Kisangani iko karibu kilomita 60, na gharama ya pirogi ya mota si kitu kidogo. Ni rahisi kukubali mganga akisema ni maziwa yaliyoganda, ni umri, tungoje tuone. Mara nyingi ana haki, kwa sababu uvimbe mwingi wa ziwa si kansa. Lakini mkono pekee hauwezi kutenganisha ule mzuri na ule mbaya kwa uhakika, hata mkono wenye uzoefu, na kutouma hakuthibitishi kitu. Kinachotoa jibu ni kipande kidogo kinachochukuliwa ndani ya uvimbe na kutazamwa kwa mikroskopi, kile waganga wanaita biyopsi. Mgonjwa anaweza kuiomba, kuuliza kwa nini inakataliwa, na kuomba karatasi ya matokeo mkononi. Anaweza pia kutafuta mganga wa pili.

Carson alimaliza kitabu chake akiwa mgonjwa. Magoti yalivimba hata asiweze kutembea, na kwa majuma kadhaa macho yake hayakuweza kusoma. Aliwaficha watu wote isipokuwa marafiki wachache, kwa kuogopa kwamba kampuni za dawa zingesema ameandika kwa hasira ya mgonjwa. Kitabu kilipotoka, Septemba 1962, walimshambulia hata hivyo. Wengine walimcheka kwamba hana mume wala watoto. Tarehe 4 Juni 1963 aliketi mbele ya kamati ya seneti ya Marekani, akiwa amevaa nywele za bandia, akatoa ushahidi wake kwa sauti tulivu. Maseneta hawakujua kitu.

Alikufa tarehe 14 Aprili 1964 nyumbani kwake Silver Spring, jimbo la Maryland, akiwa na miaka 56. Marekani ilikataza DDT katika mashamba mwaka 1972.

Jambo la biyopsi lilingoja zaidi kidogo. Wakati wa Carson, na hata baada yake, mwanamke aliyelazwa kwa sababu ya uvimbe wa ziwa alitia sahihi kabla ya kulala usingizi wa dawa. Kipande kilipimwa hapohapo, na aliamka akigusa kifua ili kujua kama ziwa liko. Mwaka 1974 mwandishi wa habari Rose Kushner, mkaaji wa Maryland pia, alikataa. Aliwapigia simu waganga wapasuaji wengi mpaka akapata mmoja aliyekubali kuchukua kipande tu, na kumwacha aamke aamue mwenyewe. Mwaka 1979 kamati ya taasisi ya afya ya taifa, ambamo Kushner alikuwa na kiti, ilipendekeza kwamba mambo hayo mawili yatenganishwe kwa wanawake wote.