Frank Rosenblatt: mtu aliyeifundisha mashine kujifunza kwa makosa

Kamera zinazoweza kutofautisha mtu na mnyama zimeshafika kwa majirani zetu, Serengeti na Grumeti. Wasikilizaji wetu wa Hunyari, Mariwanda na Kihumbu, wanaokesha wakilinda mahindi yasiliwe na tembo, wana haki ya kujua mashine hizo zinaamuaje. Leo tunawaeleza kwa kusimulia maisha ya mtu aliyeweka msingi wake, Mmarekani Frank Rosenblatt.

Rosenblatt alizaliwa tarehe 11 Julai 1928 katika mji wa New Rochelle, jimbo la New York. Alisoma Chuo Kikuu cha Cornell na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1956. Hakusomea ufundi wa kompyuta. Alikuwa mwanasaikolojia, na swali lililomsumbua lilikuwa hili: ubongo unajifunzaje kutambua kitu ambacho haujawahi kukiona vilevile?

Enzi hizo kompyuta ilifanya tu kile ilichoagizwa, hatua kwa hatua. Mwaka 1957, akiwa katika maabara ya Cornell mjini Buffalo, Rosenblatt alipendekeza njia nyingine, akaiita perseptroni. Mashine ionyeshwe mifano, ijaribu kujibu. Ikipatia, iachwe. Ikikosea, irekebishwe kidogo, kisha ijaribu tena.

Julai 1958 Jeshi la Wanamaji la Marekani, lililogharimia kazi hiyo, liliwaonyesha waandishi wa habari jaribio lake kwenye kompyuta kubwa ya IBM 704. Ilionyeshwa kadi zenye alama, nyingine upande wa kushoto, nyingine kulia. Baada ya kadi kama 50 ilijifunza kuzitofautisha bila kuambiwa kanuni yoyote.

Kisha Rosenblatt na wenzake wakaunda mashine yenyewe, Mark I. Ilikuwa na macho 400 ya kuhisi mwanga. Ndani yake kulikuwa na vitufe vya kuzungusha, vya aina ileile inayoongeza na kupunguza sauti kwenye redio zetu. Mashine ilipokosea, mota ndogo za umeme zilizungusha vitufe hivyo kidogo. Kila kitufe kilionyesha taarifa fulani ipewe uzito kiasi gani. Mafunzo yakiisha, vitufe vilibaki pale vilipofikia, na mashine iliweza kupewa picha mpya na kuitolea uamuzi.

Hapo ndipo penye jambo kubwa la kuelewa. Mashine ya aina hii ina vipindi viwili. Kipindi cha kwanza ni cha kufundishwa, nacho huhitaji mifano mingi na mtu wa kusema hili ni sahihi, hili si sahihi. Cha pili ni cha kazi: picha zinaingia mfululizo, moja baada ya nyingine, na kila moja inaamuliwa papo hapo kwa kutumia kile kilichokwisha kufundishwa. Kama haijawekewa utaratibu wa kuendelea kujifunza, mashine haigundui kwamba hali imebadilika.

Rosenblatt aliahidi mengi, na magazeti yakaongeza chumvi, yakiandika kana kwamba mashine yenye kujitambua iko mlangoni. Mwaka 1969 Marvin Minsky, aliyesoma naye sekondari moja, alitoa kitabu pamoja na Seymour Papert. Walionyesha kwa hesabu kwamba perseptroni ya tabaka moja haiwezi kutatua hata baadhi ya mafumbo mepesi. Hamu ya wafadhili ikapoa. Tarehe 11 Julai 1971, siku aliyotimiza miaka 43, Rosenblatt alifariki katika ajali ya mashua kwenye ghuba ya Chesapeake. Wengi waliamini wazo lake limezikwa naye.

Halikuzikwa. Katika miaka ya 1980 watafiti walipata njia nzuri ya kufundisha tabaka nyingi kwa pamoja, na leo sehemu kubwa ya akili mnemba imejengwa juu ya msingi huo.

Hapa kwetu matunda yake yanaonekana. Tangu 2010 mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225 hifadhini. Watu wa kujitolea walitaja wanyama waliomo katika mamilioni ya picha, na majibu yao yakawa mafunzo ya mashine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mashine ingeweza kufanya kazi hiyo kwa asilimia 99.3 ya picha, kwa usahihi uleule wa watu hao.

Lakini picha hizo zilikuwa za kuhifadhiwa, jangili hasubiri. Kamera ya TrailGuard, iliyowahi kujaribiwa Grumeti, huwekwa njiani kwa siri. Kinachoiamsha ni mtikisiko, na nyikani hata majani hutikisika. Kutuma kila picha kunamaliza betri na kuwachosha askari. Kwa hiyo toleo lililotangazwa Januari 2019 liliwekewa kifaa kidogo chenye mafunzo tayari. Kinachuja picha palepale, na zile zinazoonyesha kitu cha kutiliwa shaka, kama vile mtu, ndizo zinazotumwa.

Mashine kama hii inaweza kukosea kwa namna mbili: kupiga kelele bure, au kunyamaza wakati wa hatari. Wa kwanza huchosha watu mpaka waache kuitikia. Wa pili unaweza kugharimu mavuno ya msimu mzima, au uhai.

Kwa hiyo, mkiletewa kifaa cha namna hii katika mkutano wa kijiji, ulizeni maswali manne. Kimefundishwa kwa picha za wapi, na je, zilikuwemo za usiku na za masika? Kikikosea, nani anakirekebisha? Taarifa inafika kwenye simu ya nani? Na huyo akiipata, ana gari, mafuta na watu wa kufika shambani kabla tembo hawajamaliza mahindi?