Kirilo Japhet: Mjumbe Wetu Kabla ya Mbunge

Kabla Meru haijawa na jimbo la uchaguzi wala mbunge, tulikuwa na mjumbe: Mzee Kirilo Japhet.

Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu ndugu zetu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki na kuchoma nyumba zao, ili ardhi wapewe walowezi. Wazee wetu walikataa fidia. Wakachanga fedha za kumpeleka Kirilo New York. Mwaka 1952 yeye na mwanasheria Earle Seaton walifikisha malalamiko ya Wameru Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kwenda huko.

Azimio la kuturudishia ardhi lilikosa theluthi mbili za kura. Hata hivyo Kirilo hakunyamaza. Aliporudi alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akieleza kesi yetu, na wengi wakaamka.

Leo wabunge tunao, lakini desturi ya kuchangiana haijapitwa na wakati. Waliomchangia Kirilo walitegemea kahawa na mifugo, si mshahara wa mwisho wa mwezi. Sisi tulioko mjini tujipime kwao tunapoandika ahadi zetu mwaka huu.