Mary Leakey: Mchoraji aliyezitoa nje siri za majabali ya Kondoa

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

WENGI hulifahamu jina la Mary Leakey kwa sababu ya fuvu la Zinjanthropus alilolipata Bonde la Olduvai, Julai 17, 1959. Ni wachache, hata miongoni mwa wakazi wa Mkoa wa Dodoma, wanaofahamu kuwa mwanamke huyo alianza kazi akiwa mchoraji, na kwamba miezi aliyoitumia kunakili michoro ya miambani Kondoa mwaka 1951 aliihesabu miongoni mwa vipindi bora vya maisha yake.

Kutoka Nzuguni, vilipo viwanja vya Nanenane na kituo kikuu cha mabasi cha Dodoma, hadi Kondoa mjini ni mwendo wa takriban kilomita 160 kuelekea kaskazini. Kijiji cha Kolo kipo mbele ya mji huo, katika barabara iendayo Babati. Juu ya kijiji hicho ndipo yalipo baadhi ya majabali yaliyomvuta mchoraji huyo.

Alizaliwa London, Februari 6, 1913, akiitwa Mary Douglas Nicol. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari aliyehama na familia yake nchi hadi nchi akitafuta mahali pa kuchora.

Ni katika safari hizo, huko Ufaransa, Mary alipoingizwa akiwa bado mtoto katika pango la Pech Merle. Humo wanyama waliochorwa maelfu ya miaka iliyopita wamo ndani kabisa, penye giza, na pasipo taa hapaonekani kitu.

Baba yake alifariki mwaka 1926. Binti huyo hakudumu shuleni. Alifukuzwa katika shule mbili za watawa, na maishani mwake hakupata shahada ya chuo kikuu kwa kuisomea. Alichokuwa nacho ni mkono uliojua kuchora zana za mawe kwa usahihi mkubwa.

Mkono huo ndio uliomkutanisha na Louis Leakey, mtafiti mzaliwa wa Kenya, ambaye alimwomba amchoree picha za kitabu chake kilichotoka mwaka 1934. Mwaka uliofuata Mary alifika Tanganyika, na katika safari hiyo aliiona michoro ya Kondoa kwa mara ya kwanza. Walifunga ndoa Desemba 24, 1936.

Tofauti ya Kondoa na Pech Merle ni kubwa. Michoro ya Kondoa haimo katika mapango marefu, bali ipo chini ya majabali yaliyoinama mfano wa baraza ya nyumba. Aliyechora hapo hakuwa ndani wala nje. Alikingwa dhidi ya mvua na jua kali, lakini aliweza kuitazama mbuga iliyo chini yake, ambako twiga, tembo na pofu aliowachora walikuwa wakipita.

Ukaribu huo na hewa ya nje ndio uzuri wa michoro hiyo, na ndio hatari yake. Upepo, vumbi, maji yanayochuruzika mwambani na mikono ya watu huifikia bila kizuizi.

Mwaka 1951 Mary alirudi kwa kazi rasmi. Kati ya maeneo 186 yaliyoorodheshwa, alichagua 43 yaliyofaa kunakiliwa, na akanakili takriban maumbo 1,600. Alibandika karatasi angavu mwambani, akafuata kila mstari kwa mkono, kisha akatayarisha nakala za rangi.

Swali ni kwa nini hakutegemea kamera. Jibu limo katika mwamba wenyewe. Kamera huchukua kila kilicho usoni mwa jiwe: mchoro, doa, ufa na kinyesi cha ndege. Pale ambapo mchoro mmoja umechorwa juu ya mwingine, mara tatu au nne, picha huwa mchafuko wa wekundu. Jicho lililozoea huweza kuutenga mstari mmoja na mwingine.

Hata hivyo, nakala hizo nazo zina mpaka wake. Zilileta nje umbo na rangi, lakini si maana. Kwa Warangi, eneo la Mungumi wa Kolo halikuwa ghala la sanaa ya kale. Lilikuwa, na bado ni, mahali pa matambiko ya mvua na uponyaji. Watafiti waliofuata walizitazama pia imani na ngoma za Wasandawe ili kutafuta maana ya watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Hayo ni ya ndani, na karatasi angavu haikuweza kuyanakili.

Miaka ya baadaye ilimpa umaarufu mwingine. Siku alipoliona fuvu la Olduvai, mumewe alikuwa kitandani, mgonjwa, na uchimbaji mpya ulikuwa ukimsubiri mpigapicha za sinema, Des Bartlett, ili kazi yote irekodiwe tangu mwanzo. Tangu mwaka 1965 fuvu hilo limo katika hazina ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Louis alifariki mwaka 1972. Miaka sita baadaye kikosi cha Mary kilifukua huko Laetoli nyayo za zamadamu zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6. Baada ya kupimwa na kupigwa picha zilifukiwa tena ili zisiharibike. Kwa hiyo dunia inazijua kwa picha na nakala zake, wakati zenyewe zinalindwa ndani ya udongo.

Michoro ya Kondoa haiwezi kufukiwa. Mary alilijua hilo, na kitabu cha nakala zake kilichotoka mwaka 1983 alikipa jina linaloitaja sanaa hiyo kuwa inayotoweka. Alifariki Nairobi, Desemba 9, 1996, akiwa na umri wa miaka 83.

Mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza maeneo hayo, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo haijazuia ukataji miti wala uchimbaji haramu wa wanaotafuta mali inayodaiwa kufichwa na Wajerumani.

Pale mstari uliokuwapo mwaka 1951 utakapokuwa umefutika, nakala yake ndiyo itakayobaki kuwa shahidi. Lakini shahidi si mwamba, na wajibu wa kuulinda mwamba wenyewe umebaki kwa wanaoishi chini yake na kwa Taifa lililokabidhiwa.