Hans Andersen na Bustani ya Bibi Yake

Wengi wetu tumepata kusikia, shuleni au nyumbani, ile hadithi ya bata mwenye sura mbaya aliyechekwa na wenzake, na kumbe alikuwa ni batamaji. Aliyeitunga ni Hans Christian Andersen, mtu wa Denmark. Mwezi huu twapenda kuwasimulia si habari za sifa zake, bali za utoto wake, na hasa za siku mbili katika kila mwaka ambazo bibi yake alimshika mkono akaenda naye kazini.

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1805 katika mji wa Odense. Baba yake alikuwa fundi viatu, na mama yake alifua nguo za watu. Waliishi katika chumba kimoja, na chumba hicho ndicho kilichokuwa karakana ya baba na mahali pa kulala wote. Mtoto alikuwa peke yake, mwoga, mrefu na mwembamba, naye alipenda zaidi kucheza na vikaragosi vyake kuliko kukimbia na wavulana wa mtaani.

Bibi yake, mama mzazi wa baba, alikuwa mwanamke mpole mwenye macho ya buluu. Kazi yake ilikuwa kutunza bustani ya hospitali ya pale mjini, walimowekwa wazee maskini na watu wenye ugonjwa wa akili. Kila juma alikuja na maua aliyoruhusiwa kuyachuma. Maua hayo yalipamba kabati la mama, lakini yalihesabiwa kuwa ni mali ya mtoto, na yeye ndiye aliyeyatia katika bilauri ya maji.

Mara mbili kwa mwaka bibi alichoma takataka za bustani, na siku hizo ndizo alizomchukua mjukuu wake. Kwa mtoto ilikuwa sikukuu. Alijilaza juu ya marundo ya majani mabichi na mabua ya njegere, akachezea maua kadiri alivyotaka. Tena alipata chakula kizuri kuliko cha nyumbani, jambo ambalo hakuona haya kulikumbuka hata alipokuwa mtu mzima. Nasi hatumlaumu, maana mtoto maskini hasahau mahali alipokula akashiba.

Karibu na mahali pa kuchomea majani palikuwa na chumba ambamo wazee wa kike walikaa wakisokota nyuzi. Hans aliingia humo akawa kipenzi chao. Alichora kwa chaki mlangoni, akawaeleza habari za moyo na mapafu ndani ya mwili wa mtu, mambo ambayo yeye mwenyewe aliyajua kidogo sana. Wale wazee walistaajabu, wakasema kuwa mtoto mwenye akili namna ile hataishi siku nyingi. Kisha nao walimlipa kwa hadithi: za mizimu, za wafalme, za wanyama wasemao. Gurudumu lazunguka, hadithi yaendelea. Jioni alirudi nyumbani amejaa hofu hata akaogopa kutoka nje penye giza. Alipotoa kijitabu chake cha kwanza cha hadithi za watoto mwaka 1835, baadhi ya aliyoyaandika yalikuwa yametoka katika chumba kile.

Lakini bustani ile haikuwa ya maua tu. Wagonjwa wasio na madhara waliruhusiwa kutembea uani, na mtoto aliwafuata huku akiogopa. Siku moja aliingia katika njia ndefu ya vyumba vya wale waliofungiwa, akalala chini akachungulia katika ufa wa mlango. Alimwona mwanamke amelala juu ya majani makavu, nywele zimemwangukia mabegani, akiimba kwa sauti nzuri. Mara akaruka, akajitupa mlangoni. Kidirisha cha kupitishia chakula kikafunguka, naye akanyosha mkono hata vidole vikagusa nguo za mtoto. Mhudumu alipofika, Hans alikuwa amezimia nusu.

Kwa nini alichungulia? Twadhani jibu lilikuwa nyumbani kwa bibi. Mume wa bibi huyo, yaani babu yake Hans, alikuwa amepotewa na akili. Alichonga vinyago vya ajabu, watu wenye vichwa vya wanyama, na wanyama wenye mabawa, akavitia kikapuni na kuvipeleka mashambani. Huko wanawake walimkaribisha vizuri wakampa vyakula. Mjini mambo yalikuwa mengine. Siku moja Hans alisikia wavulana wakimzomea babu njiani, akajificha nyuma ya ngazi akitetemeka, kwa sababu alijua kuwa yeye ni damu yake. Babu huyo alisema naye mara moja tu maishani, na siku hiyo alimwambia kwa heshima ile apewayo mtu mkubwa asiyejulikana.

Tusiwe wepesi kumcheka mtoto aliyejificha. Hata kwetu zipo nyumba zenye ndugu anayefichwa chumba cha nyuma wageni wajapo, na njia zetu zinawajua watoto wanaorusha mawe. Hans aliishi na hofu kwamba naye siku moja atakuwa kama babu. Hata hivyo, katika kitabu cha maisha yake alichokitoa kwa Kidenmark mwaka 1855, wakati ambapo wafalme walikuwa wakimkaribisha mezani, aliandika yote wazi: babu, vinyago, kelele za wavulana, na ngazi.

Baba yake alikufa mwaka 1816. Mwaka 1819 Hans alipokea kipaimara akiwa amevaa viatu vipya vilivyolia kanisani kila alipopiga hatua. Alifurahi kwamba watu wote watajua ni vipya, kisha akaumia moyoni kwa kuwa mawazo yake yalikuwa viatuni. Septemba ya mwaka huo, akiwa na miaka 14, alifunga safari ya Copenhagen kutafuta maisha. Mama alimsindikiza hata kwenye lango la mji, na hapo walimkuta bibi akingoja. Nywele zake nzuri zilikuwa zimekuwa mvi. Alimkumbatia mjukuu wake shingoni akalia, asiweze kusema neno.

Hawakuonana tena. Tarehe 6 Desemba 1867 mji wa Odense ulimpa Andersen heshima kubwa, na usiku watu wakamwandamia kwa mienge. Bibi alikuwa amekufa zamani sana. Alizikwa katika makaburi ya maskini, na mjukuu wake hakupata kujua kaburi lake ni lipi.