Mzee Kettering na hizi koili za resi mnazouziwa



Kila hela ya ufuta ikitoka, hamkosi kumwona kijana amepanda basi kwenda Dar, karudi na kimfuko. Ndani mna koili nyekundu, waya nene za plagi zenye rangi, na plagi za bei mbaya. Dukani kaambiwa Corolla yake itaongeza nguvu, itapandisha Kipatimu bila kurudisha gia na mafuta itakula kidogo. Injini yenyewe ni ileile iliyotoka Japani, haijaguswa hata nati. Naulizwa sana: je, inalipa? Badala ya kubishana na wenye maduka, leo nawaletea habari za jamaa aliyebuni mfumo wenyewe. Jibu limo ndani ya maisha yake.

Jina lake Charles Kettering. Alizaliwa 29 Agosti 1876 kwenye shamba karibu na Loudonville, jimbo la Ohio, Marekani. Macho yalimsumbua tangu utotoni. Alifundisha shule kwanza, akaenda chuo kikuu cha Ohio State, macho yakamkatisha, akaingia mtaani kufanya kazi ya kusimika nguzo na kuvuta nyaya za simu. Baadaye akarudi chuoni, akamaliza uhandisi wa umeme mwaka 1904 akiwa na karibu miaka 28. Kwa hiyo wewe uliyerudia mtihani usijione umechelewa.

Alipomaliza akaajiriwa National Cash Register, kampuni ya mashine za kuhesabia pesa dukani, mjini Dayton. Zile mashine zilikuwa zinazungushwa kwa mkono, akaambiwa azitie umeme. Wengine walikuwa wanaona itahitajika mota kubwa isiyoingia kwenye mashine. Yeye akaona kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa mno, mradi iwe kwa sekunde chache tu halafu ipumzike. Likumbukeni hilo, linarudi.

Magari ya wakati ule yalikuwa na shida ya moto. Mengi yalitumia betri kavu na koili za kutetemeka, zile zinazopiga kelele kama nyuki na kumwaga cheche mfululizo. Betri zilikuwa zinakwisha haraka. Mengine yalitumia magneto, ambayo haihitaji betri, lakini ukizungusha hendeli taratibu inatoa cheche dhaifu, gari haliwaki. Kettering na mwenzake Edward Deeds wakawa wanajifungia jioni, baada ya kazi, kwenye banda nyuma ya nyumba ya Deeds. Walichotoa humo ni kitu rahisi: umeme wa betri unapita kwenye koili, pointi zinaukata ghafla, na pale unapokatwa koili inarusha cheche moja kali kwa wakati wake. Moja tu. Betri ikadumu. Henry Leland wa Cadillac akaipenda, akaifunga kwenye magari yake ya 1910. Mwaka 1909 wakaanzisha kampuni, Delco.

Hapa naomba tusimame kidogo. Tazameni alichokuwa anauza. Hakumwambia Leland kwamba gari litakimbia zaidi. Alimwambia litawaka kila siku na betri hazitakwisha. Alikuwa anatibu ugonjwa uliokuwepo.

Kisha ikaja stata. Hendeli ilikuwa inavunja watu mikono, ikikurudia vibaya inakupiga hata usoni. Wataalamu wakasema mota ya kuzungusha injini itakuwa kubwa mno. Kettering akaitoa ile hesabu yake ya mashine za pesa, na Cadillac za 1912 zikatoka na stata ya umeme. Hadi leo ukiikanyagia stata nusu dakika bila kupumzika inaungua, kwa sababu ileile: ni mota ndogo iliyobebeshwa mzigo mkubwa kwa muda mfupi.

Sasa sehemu chungu. Injini zikaanza kugonga, ile kelele ya kama kokoto kwenye kopo ukiwa unapanda mlima. Washindani wakasema kosa ni la mfumo wa moto wa Kettering. Akamweka kijana wake Thomas Midgley achunguze, na wakagundua kwamba cheche haikuwa na hatia, tatizo lilikuwa mafuta. Hadi hapo safi. Lakini dawa waliyoichagua, Desemba 1921, ilikuwa ni kutia madini ya risasi kwenye petroli. Mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa kwa sumu hiyo kwenye kiwanda cha Bayway, New Jersey. Kettering alikuwa rais wa kwanza wa kampuni iliyoiuza, Ethyl, na aliitetea mbele ya serikali mwaka 1925. Ikapita. Ikasambaa dunia nzima, ikafika mpaka huku kwetu. Petroli yenye risasi ilikuja kuondoka Tanzania na nchi nyingine za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006 tu. Wengi mnaosoma hapa mlikuwa watoto, na moshi wake mliuvuta. Mwenyewe mwaka 1945 alianzisha na bosi wake Alfred Sloan taasisi ya kutafuta tiba ya kansa, yenye majina yao hadi leo. Ni mtu mgumu kumpima.

Hakuwa mtu wa kupatia kila mara. Chevrolet ya 1923 aliyoipoza kwa mapezi ya shaba badala ya maji ilijaa kasoro, zikaundwa mamia machache, zikarudishwa kiwandani. Pamoja na hayo aliongoza utafiti wa General Motors mpaka 1947, na alipofariki tarehe 25 Novemba 1958 alikuwa na hataza zaidi ya 180.

Mfumo wake wa pointi ukaishi kuliko yeye. Chrysler waliweka moto wa elektroniki kwenye magari yao yote ya 1973, General Motors wakafuata 1975. Na kilichoziua pointi siyo nguvu za farasi. Ni kwamba zinalika, zinataka kurekebishwa kila mara, na sheria za moshi zilitaka cheche isiyobadilika. Yaani kwa zaidi ya miaka 60 cheche ya yule mzee iliwatosha mamilioni ya injini.

Kwa hiyo, kijana wa Corolla. Koili haisukumi volti zake zote kwenye plagi. Volti zinapanda mpaka cheche iruke, zinaishia hapo. Plagi nzima kwenye injini ya kawaida inahitaji kama 10,000 hadi 20,000. Ukifunga koili iliyoandikwa 50,000 na plagi inataka 12,000, utapata 12,000. Na mchanganyiko wa mafuta na hewa ukishashika, umeshika, nguvu inatokana na kilichoingia kwenye silinda. Injini nzima ya kiwandani haiongezi kitu. Wale wanaosema gari lao limebadilika kabisa, wengi walitoa plagi zilizokufa na waya zilizopasuka. Plagi za kawaida mpya zingefanya kazi ileile.

Gari likimisi, hasa asubuhi ya mvua, fungua kofia ya distributa uangalie nyufa na unyevu, fungua boneti gizani uone kama waya zinarusha cheche pembeni, kagua plagi, nati ya waya wa ardhi na betri. Hela iliyobaki weka kwenye tairi. Mwenye gari kuukuu la pointi, huyo akibadilisha kuwa elektroniki namuunga mkono, atapumzika kulisumbua fundi.

Kuna wengine ambao kwao moto mkali una kazi: aliyefunga turbo, aliyepandisha kompresheni, na huyu wa tatu anatuhusu sisi wa Kilwa. Gesi ya Songo Songo inapanda nchi kavu hapo Somanga, inapita kwenda Dar, na magari mengi huko sasa yanaitumia badala ya petroli. Gesi inataka volti zaidi ili cheche iruke, na koili iliyochoka ambayo kwenye petroli ilijificha, kwenye gesi inaumbuka. Mafundi wengi wanapunguza nafasi ya plagi. Mwenye gari la gesi atuandikie hapo chini, ameiweka milimita ngapi na imemchukuaje.