Mwalimu Nyerere: Aliyehesabu bei ya lori kwa tumbaku ya mkulima

MKULIMA wa Maposeni, jirani na Peramiho mkoani Ruvuma, akiulizwa bei ya pikapu, mara nyingi jibu lake la kwanza si shilingi. Hupiga hesabu ya magunia. Pikapu ni magunia mangapi ya mahindi, na mahindi hayo ni ekari ngapi za kulima, kupalilia na kutia mbolea.

Hesabu ya namna hiyo aliwahi kuipiga mtu mmoja mbele ya mataifa makubwa, akiwa Rais wa nchi. Mtu huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, aliyefariki dunia Oktoba 14, 1999.

Mengi yameandikwa kuhusu Mwalimu na uhuru, Ujamaa na Muungano. Hata hivyo, maisha yake yanaweza pia kusimuliwa kwa njia ya magari: yale aliyoyakosa, yale aliyopanda, yale aliyoyarithi kwa Waingereza, na yale ambayo nchi yake ilishindwa kuyanunua. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, huenda hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na mfuko wake.

Miguu kabla ya magurudumu

Mwalimu alizaliwa Butiama, mkoa wa Mara wa sasa, Aprili 13, 1922. Alikuwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake ni Mgaya wa Nyang'ombe. Alipofika umri wa miaka 12 alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kwa miguu kutoka kijijini kwao.

Baadaye alisoma Tabora, Makerere na Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, alikohitimu shahada yake mwaka 1952. Aliporudi alipata kazi ya ualimu katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, nje ya jiji la Dar es Salaam.

Shahada ya Ulaya haikumletea gari. Kutoka Pugu hadi Kariakoo, zilikofanyika shughuli za siasa, ni kilomita zipatazo 20. Mwalimu alikuwa akiikata njia hiyo kwa miguu mwisho wa wiki ili kuhudhuria mikutano, kisha anarudi kufundisha.

TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, suala la usafiri likawa suala la uhai wa chama. Nchi ni kubwa, barabara nyingi zilikuwa za vumbi na hazipitiki masika. Baadhi ya waasisi waliokuwa na uwezo walijitolea. John Rupia, aliyekuwa mfanyabiashara, alisaidia kwa fedha zake. Dossa Aziz alikuwa na gari, na gari hilo likawa linatumika kwa kazi za chama.

Machi 1955 Mwalimu aliacha kazi ya ualimu. Mshahara ukakatika, safari zikaongezeka. Miaka iliyofuata alizunguka nchi akitumia Landrover ya chama.

Landrover lilikuwa gari la Waingereza, lililoanza kuuzwa mwaka 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Injini zake za mwanzo zilikuwa ndogo, lakini zilivuta magurudumu yote manne, na fundi wa kijijini aliweza kulifungua na kulifunga tena. Kwa hiyo gari lilelile lililombeba Bwana Shauri wa kikoloni ndilo lililombeba mtu aliyekuja kuuondoa ukoloni huo.

Rolls-Royce ya Gavana

Uhuru ulipopatikana Desemba 9, 1961, Serikali mpya ilirithi pia magari. Mojawapo ni Rolls-Royce iliyotumiwa na utawala wa Waingereza. Gari hilo lilitumiwa baadaye na Mwalimu, na likaja kuwekwa Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam.

Rolls-Royce haikutengenezwa kwa ajili ya barabara za vumbi wala kupakia magunia. Ni gari la heshima, na heshima hiyo ilikuwa ya Taji la Uingereza kabla ya kuwa ya Jamhuri. Mwalimu alipanda, kwa kuwa Dola inahitaji sura yake. Lakini suala la nani apande gari gani, na kwa jasho la nani, lilizidi kumsumbua.

Miaka ya 1960 neno jipya lilienea Afrika Mashariki: wabenzi. Lilitokana na magari ya Mercedes-Benz waliyoanza kuyapanda viongozi na matajiri wapya. Wananchi waliochangia senti zao kuiendesha TANU walianza kuona vumbi la magari ya wale waliowachagua.

Februari 5, 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Kiongozi akakatazwa kuwa na mishahara miwili au zaidi, kuwa na hisa katika kampuni za kibepari, kuwa mkurugenzi wa kampuni hizo na kuwa na nyumba za kupangisha. Azimio lilieleza wazi kwamba mikopo inayojenga mijini hatimaye hulipwa kwa mazao ya vijijini, kwa kuwa fedha za kigeni hutoka huko.

Oktoba mwaka huohuo Mwalimu aliyaacha magari na kutembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mtoto aliyetembea kwenda Mwisenge alirudi barabarani kwa miguu akiwa Rais.

Songea ilivyomjaribu

Mkoa wa Ruvuma una sehemu yake katika historia hii, na si yote ya kujivunia. Wilayani Songea, vijana waliokuwa wanachama wa TANU walianzisha mapema miaka ya 1960 kijiji cha Litowa, na baadaye Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichounganisha vijiji 17. Wanakijiji walilima pamoja, wakaendesha shule yao, na wakawa na mashine ya kusaga nafaka mjini Songea.

Mwalimu alivutiwa na vijiji hivyo, na mawazo yake juu ya Ujamaa vijijini yalipata nguvu kutokana na mfano huo. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, na mali zake, pamoja na mashine ya kusaga, zikachukuliwa. Wakulima waliokuwa wakijiamulia wenyewe walijikuta wakiamuliwa na ofisi.

Jambo kama hilo lilijirudia kwa upana zaidi mwaka 1976 vyama vya ushirika vilipofutwa nchi nzima. Hapa Songea, NGOMAT, chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilikuwa kikiuza mazao tangu mwaka 1936, tumbaku ya moshi ikiwa zao lake kubwa. Kazi ya kununua ikahamia kwa mamlaka za mazao, na mahindi kwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC.

Kwa upande mwingine, katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Ruvuma, aliye karibu kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, alilipwa sawa na wa karibu na jiji. Gharama ya lori ilibebwa na NMC, si na mkulima. Ruvuma ikapanda hadi kuwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa.

Kasoro ni kwamba bei nzuri haisombi magunia. Magunia husombwa na malori, na malori yalianza kuadimika.

Lori moja, tumbaku mara kumi

Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kupiga hesabu yake hadharani. Alieleza kuwa mwaka 1965 Tanzania iliweza kununua trekta moja kwa kuuza tani 17 na robo za katani. Mwaka 1972 trekta la aina ileile lilihitaji tani 47.

Miaka michache baadaye hesabu ikawa mbaya zaidi. Kwa mujibu wa maelezo yake, kununua lori la tani saba mwaka 1981 kulihitaji pamba mara nne ya ile iliyohitajika miaka mitano kabla. Kwa kahawa au korosho ilikuwa mara tatu. Kwa tumbaku ilikuwa mara kumi.

Mkulima wa tumbaku anaielewa hesabu hiyo bila kalamu. Mtu aliyechoma tumbaku ya bani moja kupata kiasi fulani, sasa alitakiwa kuchoma ya mabani kumi kwa kitu kilekile. Kuni zimeongezeka, usiku wa kukesha na moto umeongezeka, lakini lori ni lilelile.

Sababu zilikuwa kadhaa. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Bei za mazao ghafi zilishuka huku za mitambo zikipanda. Vita dhidi ya Idi Amin ya mwaka 1978 na 1979 ilimeza fedha na kuchukua magari mengi ya kiraia kubeba askari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta peke yake yalikuwa yakila zaidi ya nusu ya fedha za kigeni.

Sababu nyingine zilikuwa za nyumbani. Mamlaka za mazao zilichelewa kulipa, zikajaza wafanyakazi, na mkulima akapokea sehemu ndogo ya bei ya nje. Waliochoka walipunguza mashamba au walivusha mazao kwa njia za panya. Mazao yakipungua, fedha za kigeni hupungua, malori hupungua, na mazao yanayobaki huoza kwa kukosa usafiri.

Jumapili bila gari

Wenye magari ya miaka hiyo wanakumbuka amri ya Jumapili. Ili kubana mafuta, gari binafsi halikuruhusiwa barabarani baada ya saa 8 mchana bila kibali. Harusi, misiba na safari za shambani vilipangwa kwa kutazama saa.

Ndizo zama ambapo kumiliki Peugeot, Volkswagen au Bedford kuukuu kulihitaji ufundi kuliko fedha. Spea hazikuwepo dukani. Magari matatu mabovu yalitoa moja zima, na tairi lilishonwa badala ya kutupwa. Utunzaji huo, uliozaliwa na shida, ulilea mafundi wengi wa gereji za mikoani.

Mwalimu alikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, hasa la kushusha thamani ya shilingi. Lakini mwaka 1984 Serikali yake ililegeza kamba. Vyama vya ushirika vilikuwa vimeruhusiwa kurudi kwa sheria ya mwaka 1982, na sasa mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana alikozipata. Pikapu ndogo zikaanza kuingia, nyingi za Japan, na wafanyabiashara wadogo wakaanza kufika vijijini kununua na kuuza.

Katikati ya miaka hiyo ya 1980 barabara ya lami ya Makambako hadi Songea nayo ilikamilika kwa msaada wa Uingereza, ikauunganisha Ruvuma na reli ya TAZARA na barabara kuu ya Dar es Salaam. Lori lililokuwa likikwama siku kadhaa masika likawa linafika kwa siku moja.

Mwalimu aling'atuka urais Novemba 5, 1985, akarudi Butiama kulima. Kati ya mwaka 1987 na 1990 aliongoza Tume ya Nchi za Kusini, ambako aliendelea na hoja ileile: anayeuza mazao ghafi na kununua mitambo hukimbia huku akibaki nyuma.

Alifariki London akiwa na umri wa miaka 77, na akazikwa kijijini kwake Butiama Oktoba 23, 1999. Hakuacha mali iliyofanana na miaka 24 ya kuongoza nchi.

Wapo wanaomlaumu kwa kuvunja vyama vya wakulima vilivyokuwa vikijiendesha, na lawama hiyo ina msingi, hasa Songea. Lakini hesabu yake ya lori haijapitwa na wakati. Anayetaka kujua kama kilimo chake kinapanda au kinashuka, asitazame shilingi peke yake. Aandike mwaka huu pikipiki, pikapu au mfuko wa mbolea ni magunia mangapi, kisha alinganishe na mwaka uliopita. Magunia yakiongezeka kwa kitu kilekile, ajue anafanya kazi zaidi na anapata kidogo, hata kama noti mkononi zimeongezeka.

Na anayeuza mahindi kama unga, au kahawa iliyokobolewa badala ya mbichi, atakuta gari limemsogelea kidogo. Hilo ndilo Mwalimu alilolipigania duniani, na mkulima wa Maposeni anaweza kulianza kwa daftari na kalamu.