Mwenda wa Bayeke: Gitaa Moja, Vidole Viwili

Mwaka jana, usiku wa vipaji, nilipanda jukwaani na gitaa kavu. Wimbo wa kwanza walinivumilia. Wa pili haukufika katikati, watu wa nyuma wakaanza kumwita DJ. Siwalaumu sana, maana DJ alikuwa na maspika makubwa kama majokofu, mimi nilikuwa na nyuzi sita na kipaza sauti kimoja kilichokuwa kikikwaruza. Nilishuka, nikapita mlango wa nyuma, na gitaa likakaa chini ya kitanda karibu mwezi mzima.

Aliyelitoa chini ya kitanda ni mshikaji ninayelala naye chumba kimoja, anasoma jiolojia. Mjomba wake ni dereva wa malori yanayokwenda Lubumbashi kufuata shaba, na siku hiyo alikuwa amerudi na flashi imejaa nyimbo za zamani za huko. Tulikuwa tunakula chipsi, flashi inaimba, mara nikasikia magitaa mawili yanaongea. Moja linatembea chini, zito, halikosei hatua. Lingine linacheza juu, linachelewa kidogo, linarudi, linamtania lile la chini. Na mtu anaimba Kiswahili katikati. Nikauliza hao wapigaji ni akina nani. Kumbe ni mtu mmoja. Gitaa moja, kidole gumba na kidole cha shahada, basi. Wimbo unaitwa Masanga, na mpigaji ni Mwenda Jean Bosco.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuatilia huyu bwana kuliko ninavyofuatilia mada ya utafiti wangu. Msimamizi wangu akisoma hapa anisamehe.

Nianze na jina lake, kwa sababu linanihusu. Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga, upande wa kaskazini wa mji ambao leo unaitwa Likasi. Bunkeya ndiyo ilikuwa makao makuu ya Msiri, yule mfanyabiashara wa pembe na shaba aliyetoka upande wetu huku, magharibi ya Tabora, akaenda Katanga karne ya 19, akabaki, akawa mfalme. Watu aliokwenda nao walikuwa Wasumbwa na Wanyamwezi, na huko wakaitwa Wayeke, au kwa Kiswahili cha kule, Bayeke. Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara wa Kapteni Stairs uliotumwa na mfalme wa Ubelgiji, lakini watu wake hawakuondoka. Jina la Mwenda ni jina la Msiri mwenyewe, na watawala waliomfuata wamelibeba. Mimi kwetu ni Bukombe, ni Msumbwa. Kwa hiyo niliposoma jina Mwenda wa Bayeke, nilisimama. Hapa chuoni nimezoea kusikia kwamba gitaa la maana limetoka Kongo likaja kwetu. Sasa huyu aliyelipiga vile, babu zake walitoka kwetu wakaenda Kongo na mizigo kichwani.

Bosco alikulia katika dunia ya migodi. Likasi wakati ule iliitwa Jadotville, mji wa kampuni ya Union Minière, shaba na kobalti. Wafanyakazi walitoka kila upande: Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini ambayo ni Zambia ya leo. Mtu wa Kasai na mtu wa Rwanda wakikutana kwenye foleni ya mshahara wanaongea lugha gani? Kiswahili. Si hiki cha kwenye mitihani yetu. Ni Kiswahili ambacho watu ni batu na watoto ni batoto, na ambacho mwalimu wangu wa sarufi angekijaza wino mwekundu kuanzia mstari wa kwanza. Bosco aliimba hicho, akachanganya na lugha nyingine za kwao pale alipotaka. Nyimbo zake nyingi zinachekesha, au zinasema maisha ya mtaani kwa kejeli nyepesi. Nadhani hapo ndipo alipowashika watu kabla hata hawajatazama vidole vyake. Mtu aliyetoka zamu ya usiku mgodini hataki hotuba. Anataka kusikia mambo ya mtaa wake yakisemwa na mtu anayeyajua.

Gitaa lake lilikusanya vitu kutoka mbali. Kulikuwa na ngoma na nyimbo za asili za mashariki ya Kongo na Zambia. Kulikuwa na santuri za Kuba zilizokuwa zikizagaa Afrika nzima, zile za Trio Matamoros na wenzao. Kulikuwa pia na filamu za kauboi, jamaa yuko juu ya farasi na gitaa mgongoni. Wengi wa rika lake waliona filamu hizo hizo na kusikia santuri hizo hizo. Lakini wengi walishika gitaa na kukwangua nyuzi zote kwa pamoja ili wapate kitu cha kuimbia juu yake. Bosco hakukwangua. Kidole gumba alikipa kazi ya besi, cha shahada akakipa sauti ya juu, na viwili hivyo havikukubali kukanyaga mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mpiga ngoma ataelewa haraka kuliko mimi: mkono wa kushoto unasema hivi, wa kulia unasema vile, na wimbo unakaa katikati ya hiyo mikono.

Mwaka 1952 Bosco alikuwa na miaka 22 hivi. Wakati huo kulikuwa na Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, Hugh Tracey, aliyezunguka nchi nyingi za huku na mitambo ya kurekodia akikusanya muziki. Hata Tanganyika alishapita, mwaka 1950. Tracey alimkuta Bosco Jadotville, mtaani, na gitaa lake. Hakukuwa na meneja wala maombi ya kuchujwa. Kijana anapiga, mtu anapita, mtu anasimama. Akarekodiwa, Masanga ikiwemo, na mwaka huo huo Masanga ikapata tuzo ya Osborn ya muziki wa Kiafrika. Santuri zikatoka kwa lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini.

Hizo santuri za mizunguko 78 zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, ndiyo maana nyimbo zake hazina utangulizi wa kuzungukazunguka. Anaingia, anasema, anatoka. Nimejaribu kuhesabu ni sekunde ngapi anazochukua kabla ya kukukamata. Ni chache. Mimi usiku ule wa vipaji nilianza na kurekebisha nyuzi, nikafuatisha shukrani kwa waandaaji, kisha maelezo ya wimbo. Nilikuwa nimewapoteza kabla sijapiga hata noti moja.

Santuri zilisafiri kuliko yeye. Kwenye magramafoni ya mahoteli na maduka ya chai, kutoka Katanga hadi Zambia hadi Kenya, watu walimjua Bosco kwa sauti kabla ya kumwona sura. Hii ni hatari kwa mpigaji, na sisi tunaoweka video mitandaoni tunaijua: ukisikika vizuri kwenye kurekodiwa, siku ukisimama mbele ya watu wanakuja kukupima. Bosco alipimwa Nairobi. Mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 alihamia huko kwa muda, akawa na kipindi chake cha kawaida redioni. Ndugu yake Edouard Masengo, naye mpiga gitaa wa Katanga, alifanya kazi Nairobi miaka hiyo hiyo.

Jaribu kupata picha ya kijana wa Kenya wa wakati ule mwenye gitaa lake la bei nafuu. Santuri ya Bosco ameisikiliza mpaka imechakaa, na amebishana na wenzake kama ni mtu mmoja au wawili, kama nilivyobishana mimi. Halafu huyo mtu yuko mjini, anasikika kila wiki. Kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kiliacha kukwangua kikaanza kudonoa. Ukisikiliza nyimbo za Kenya za gitaa kavu za miaka ya 1960 utasikia kile kidole gumba kinatembea. Hakuwafundisha darasani. Walimsikiliza, wakaenda nyumbani, wakaumiza vidole.

Jina la gitaa kavu nalo naona limetutoka Kifaransa, wanavyoliita wao gitaa lisilo la umeme. Nalipenda. Kavu kweli, halina pa kujificha.

Lakini nisiwadanganye kwamba mambo yalimnyookea. Wakati Bosco anatamba na gitaa lake moja, kule Léopoldville, yaani Kinshasa, bendi zilikuwa zinakua: African Jazz ya Kabasele, kisha OK Jazz ya akina Franco kuanzia 1956. Magitaa ya umeme, saksafoni, tumba, Kilingala. Ukumbi ukijaa watu mia tano wanaotaka kucheza, gitaa kavu linazama. Kwa hiyo ule ugomvi wangu na DJ si mpya hata kidogo, na yeye ulimkuta akiwa bingwa, si mwanafunzi anayejaribu bahati. Juu ya hayo ikaja siasa. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, Katanga ikajitenga chini ya Tshombe, na vita na vurugu vikaendelea mpaka Januari 1963. Sehemu kubwa ya maisha yake Bosco aliishi Lubumbashi, katikati ya hayo yote.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo mwanzoni lilinikata maini. Nilipokuwa namtafuta nilitegemea kukuta msanii aliyeacha vyote akafuata gitaa. Badala yake nikakuta mtu aliyefanya kazi benki. Akafanya kazi katika utawala wa jimbo. Akaingia kwenye siasa. Kwa miaka kadhaa akawa na biashara Likasi zilizohusiana na Gécamines, kampuni ya migodi iliyorithi zile mali za Union Minière. Akamiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Yaani yule niliyemfanya shujaa wangu alikuwa anavaa shati na kwenda ofisini asubuhi kama baba yako na wangu.

Nilikasirika kidogo, nakiri. Mama yangu amekuwa akiniambia kila likizo nimalize digrii kwanza, gitaa litakuwepo tu. Kila likizo nimekuwa nikimjibu kwamba muziki hauwezi kusubiri foleni nyuma ya mahesabu ya fedha. Nilikuwa na nia ya kuacha chuo, hilo halijui mtu hapa ila mwenzangu wa chumbani. Nilishaandika mpaka barua. Sasa nikawa natazama orodha ya kazi za Bosco na sioni mahali ambapo gitaa lilikufa kwa sababu ya benki.

Kwa maana, tazama. Julai 1969 huyo huyo mtu wa ofisi alisimama Newport, Marekani, kwenye tamasha la muziki wa kiasili, mwaka ambao Joni Mitchell na James Taylor nao walipanda jukwaa hilo. Ni wiki ile ile ambayo binadamu alikanyaga mwezini. Alikuwa na miaka 39. Mbele yake umati ambao haukuwa na neno la Kiswahili, sembuse Kiswahili cha Katanga. Kejeli zake za mtaani zisingemsaidia hapo. Alibaki na kidole gumba na cha shahada, vile vile vya Jadotville.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu alipowataka wananchi waache majina ya kigeni, Jean Bosco, jina la mtakatifu wa Kiitaliano, likawekwa pembeni, naye akajiita Mwenda wa Bayeke. Mobutu simtetei kwa lolote, lakini jina hilo lilimkaa vizuri. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alisafiri hadi kwake kujifunza mtindo huo kwa wenyewe, kwa Bosco na Masengo na Losta Abelo, halafu akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Unafunga safari kutoka Ulaya mpaka Lubumbashi kwa sababu ya kidole gumba cha mtu! Mimi nilikuwa nashindwa kulitoa gitaa chini ya kitanda.

Mwenda wa Bayeke alifariki Septemba 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na miaka 60.

Ile barua nimeichana. Sijasema kwamba nimempa mama ushindi, na akiuliza sitakubali. Masanga nimeifikia kama robo. Kidole gumba changu kikizoea njia yake, cha shahada kinasahau ya kwake, vinaanza kwenda pamoja kama askari wa gwaride, na hapo wimbo unakufa. Napiga kwenye ngazi za hosteli, ghorofa ya pili, baada ya saa nne usiku, kwa sababu pale ukuta unarudisha sauti vizuri. Jumatano iliyopita kuna dada wa mwaka wa kwanza alikuwa anapanda na ndoo ya maji. Akaitua, akasimama mpaka nilipokosea.